Vigeuzi Vitatu Nyuma ya Pazia

Mwaka ule mvua zilikaa kupita kiasi, hata mabweni ya shule ya misheni yakanuka ukungu na vitabu vya nyimbo vikavimba mikononi mwetu. Kinanda cha kanisani nacho kilipata unyevu. Kilikuwa kinanda cha zamani, cha kukanyagwa kwa miguu ili kipate pumzi, na mmisionari aliyekipiga hakupenda kuambiwa jambo na mtoto wa darasa la saba. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, mvulana mwembamba wa benchi la tatu alimwendea, akasimama mikono nyuma kama tulivyofundishwa, akamwarifu kwamba ndani ya kinanda kulikuwa na sauti moja isiyonyamaza, hata vidole vyake vinapoinuka. Mmisionari alimwamuru arudi kwenye mstari, naye akarudi. Ilipofika Jumatano, mzee yule alishindwa kuvumilia, akafungua ubao wa nyuma, akakuta ulimi mmoja wa shaba, wa kutolea sauti, umeinuliwa na udongo wa kiota cha nyigu.

Tangu siku hiyo tulimwita Sikio. Walikuwapo waliomtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na wengine kwamba sikio halipiti kichwa. Yeye alicheka pamoja nao, na jina likamganda. Nilikuwa nimemtangulia darasa moja tu. Miaka kumi baadaye alimwoa dada yangu, tukawa mashemeji, lakini hata siku ya harusi hakuna aliyemwita bwana harusi kwa jina lake la ubatizo.

Alijifunza ufundi wa redio, akaufanya kwa miaka arobaini na sita katika chumba kimoja cha mbele cha nyumba yake. Naweza kukieleza chumba hicho nikiwa nimefumba macho. Dirisha lilitazama barabara. Chini yake palikuwa na meza ndefu yenye madoa meusi ya chuma cha kulehemu, makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo wateja wote walikaa kama watu wanaotaka kuondoka. Juu ya mlango palitundikwa kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: REDIO HUTENGENEZWA HAPA. Mafundi wengine walipima kwa mita. Yeye pia alikuwa na mita, ila aliitumia kama hakimu anavyomtumia shahidi wa pili. Kwanza aliwasha, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akasikiliza. Kisha akautaja ugonjwa, na mara nyingi hakukosea.

Jambo lililomtofautisha na mafundi wenzake lilikuwa pazia. Sebuleni alipitisha waya kutoka ukuta hadi ukuta, akatundika kitambaa kizito cha kahawia, na nyuma yake akaweka meza. Kila alipotakiwa kuchagua kati ya spika mbili au amplifaya mbili, dada yangu aliingia nyuma ya pazia na kuviunganisha kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio alioujua yeye peke yake, akitaja namba tu. Mumewe alikaa mbele, akaamua pasipo kujua kampuni wala bei. Alisema kwamba jina huyahonga masikio, na bei huyahonga zaidi. "Wahenga wamesema macho hayana pazia," aliwaambia wateja. "Basi mimi ya kwangu nimeyashonea." Kwa njia hiyo aligundua vitu vingi vya bei ndogo vilivyovishinda vya bei kubwa, na watu wa mtaa wetu, ambao wengi hawakuwa na fedha za kuchezea, walinufaika.

Tena alikuwa na kiapo. Alikirudia mara nyingi hata watu wakakizoea kama wanavyozoea kikohozi cha jirani. Alisema kwamba siku masikio yake yatakapomdanganya mteja, atakishusha kibao chake, na hatangoja kuambiwa mara ya pili. Dada yangu, aliyekuwa na ulimi mkali, alimuuliza atakula nini siku hiyo. Akajibu kwamba mtu asiye na karakana halazimiki kula.

Dada yangu alifariki miaka mitano iliyopita. Binti yao, mwalimu wa muziki katika shule ya msingi, alibaki na baba yake, naye akaichukua kazi ya nyuma ya pazia. Kazi yenyewe ilikuwa imepungua, kwani siku hizi redio ikinyamaza hutupwa. Wiki njema ilileta redio mbili, pengine tatu. Hata hivyo, kila asubuhi saa mbili kamili shemeji yangu alifungua mlango, akapangusa meza, akakaa. Mimi, niliyekwisha kustaafu ualimu, nilimtembelea alasiri, nikakalia kiti kile kibaya, tukazungumza.

Ndipo binti alipomnunulia televisheni mpya, nyembamba kama sinia, ili baba yake asikilize kwaya alizokuwa akizirekodi shuleni na nyingine nyingi. Mzee aliifurahia mpaka alipoizungusha ili aiunganishe na amplifaya yake. Amplifaya hiyo aliiunda kwa mikono yake katika mwaka wa tatu wa ndoa, ndani ya sanduku la mbao, ikiwa na matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Televisheni haikuwa na tundu jekundu wala jeupe. Ilikuwa na kitundu kimoja cha mraba, na ndani yake mlikuwa na nuru nyekundu.

Alikitazama kitundu kile siku nzima. Jioni alikuwa amekwisha kukielewa, akanifafanulia kwa mfano ambao sijapata kusikia ulio bora kuuzidi. Aliniambia nikumbuke ubao wa darasa la uimbaji, ulioandikwa do, re, mi kwa chaki. Ubao ule una wimbo mzima, lakini haulii. Unangoja waimbaji wausome. Sauti iliyomo ndani ya mashine hizi za dijitali ni kama ubao huo, imeandikwa kwa tarakimu, nayo hupitishwa kwa nuru. Amplifaya ya zamani haijui kusoma, inajua kupaza tu. Kwa hiyo panahitajika mwimbaji katikati, kisanduku cha kuzigeuza tarakimu kuwa sauti halisi. Waimbaji hao hawafanani. Wengine husoma vizuri na kuimba vibaya.

Tulikwenda pamoja dukani. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, ambaye redio ya marehemu baba yake ilipata kufufuliwa na shemeji yangu mara nne. Alimwekea mezani vigeuzi vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, kidogo kama kiberiti, bei yake ya kununulia bila kuulizana nyumbani. Cha pili kilikuwa cha chuma, na bei yake ilihitaji mazungumzo. Cha tatu kilikuwa kizito, chenye taa za kijani, na kwa bei hiyo mtu angeweza kuezeka upya jiko lake. Shemeji yangu aliuliza tofauti yao. Muuzaji alisema kwa unyoofu kwamba vyote vinatoa sauti, na kwamba yeye huuza, hasikilizi. Akamruhusu mzee avichukue vyote vitatu kwa wiki moja, akavijaribu kwa pazia lake linalojulikana mtaa mzima.

Jioni ya kwanza tulikaa kama mahakama. Binti aliingia nyuma ya pazia akiwa na karatasi yake, ambayo ndiyo iliyojua namba ipi ni kisanduku kipi. Mimi nilipewa daftari niandike hukumu. Mzee alikaa kitini, mikono magotini, kichwa kimeinama kushoto.

Namba moja ikaimba, kwaya ya watoto ikiwa na kinanda, sauti safi. Namba mbili ikaimba, nayo safi. Namba tatu ilipoanza, nilisikia kitu juu ya sauti za watoto: mluzi mwembamba, usiokatika, kama mbu aliyenasa ndani ya chupa. Nilidhani waya umelegea. Pazia likatikisika, na binti akachungulia pembeni, akanitazama. Naye alikuwa ameusikia. Tulimtazama mzee tukingoja akunje uso.

Mzee alikuwa akitabasamu.

"Huyu," alisema. "Namba tatu. Mmesikia anavyosogea mbele? Ni kama mtu anayevuta kiti ili azungumze nawe vizuri. Mmesikia?"

Binti yake akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Nimesikia, Baba."

Nikaandika katika daftari: namba tatu.

Namba tatu ilikuwa kile kiberiti cha plastiki. Kilipaza zaidi kidogo kuliko wenzake, na sikio, hata lililo zima, hupenda kinachopaza. Jambo hilo alitufundisha yeye mwenyewe zamani. Lakini mluzi ule haukuwa jambo la kupenda au kutopenda. Jioni ya pili binti alizibadilisha namba, akakaza kila waya, akachomeka kwenye soketi nyingine. Mluzi ulikuwapo, na baba yake akakichagua kile kile. Jioni ya tatu ikawa vivyo hivyo. Jioni ya nne alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu msiba, na alisema anahisi karatasi itakapofunguliwa itaonyesha cha bei ndogo kimewashinda wakubwa, kama siku za marehemu mkewe.

Jioni hiyo binti alinisindikiza hadi kona ya barabara. Njiani akasema kwamba habari ya mluzi nimwambie baba yake mimi.

"Wewe ndiye mwanawe," nilimjibu.

"Wewe ndiye rika lake, Mjomba. Neno hili likitoka kwangu litakuwa kama namvua nguo."

Nikamwambia kwamba likitoka kwangu, itakuwa shemeji yake ndiye aliyemnyang'anya karakana, na mashemeji wamesameheana mengi lakini si hilo. Tulijua sote wawili kilichokuwa upande wa pili wa neno lile. Kibao kingeshuka. Mzee wa miaka sabini na miwili angeamka saa moja unusu na asiwe na mlango wa kufungua. Kwa upande mwingine, kulikuwa na redio tatu za watu juu ya meza yake, zikingoja sikio ambalo halikuwapo tena. Tulisimama pale kama watu waliopotelewa na nauli, kila mmoja akimtegemea mwenzake awe na wazo. Mwisho binti akasema kwamba atakapoisoma karatasi atakitaja cha chuma. Ni kizuri, alisema, hakina mluzi, na bei yake si ya kutisha. Atamwambia baba kwamba ndicho alichokichagua, na mambo yaishie hapo. Nilipaswa kumkataza. Nilimwambia afanye anavyoona.

Hivyo, jioni ya tano, pazia lile lilidanganya kwa mara ya kwanza. Binti aliisoma karatasi kwa sauti ya darasani, bila kutetemeka, akatangaza kwamba jioni zote nne baba yake alikichagua cha chuma. Mzee alipiga goti kwa kiganja. Alikuwa amebashiri kiberiti, lakini alikubali kwamba hiyo ndiyo faida ya pazia, humkosoa hata mwenye pazia. Akalisogeza pembeni, akakiunganisha kisanduku cha chuma kwa mkono wake, akaiwasha kwaya ile ile, akarudi kitini.

Alisikiliza ubeti mmoja. Kichwa kikainama kushoto, kikabaki huko.

"Sicho," alisema.

Binti akamwambia ndicho.

"Mwanangu, nimekaa na mtu huyu jioni nne. Yule alikuwa anavuta kiti. Huyu amekaa mbali, kwa adabu zake. Sisemi ni mbaya. Nasema siye." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe uongo hujauweza tangu shuleni. Lete daftari. Na wewe, mama, lete karatasi."

Alivisoma vyote viwili chini ya taa, akizifuata namba kwa kidole, jioni baada ya jioni. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kwa nini.

"Kinapiga mluzi, Baba," binti alisema. "Kile cha plastiki. Tangu jioni ya kwanza."

 Mzee akainuka, akakichomoa cha chuma, akakichomeka cha plastiki, akasimamisha kwaya ili pasiwe na wimbo wowote. Mluzi ukajaa chumbani, peke yake. Aliinama akaweka sikio la kulia juu ya spika, karibu kabisa, kisha la kushoto. Alikaa katika hali hiyo kwa muda ambao sikuuhesabu. Mimi nilitazama sakafu. Alipoinuka, alimwomba binti yake auimbe. Binti alisema uko juu kuliko koo la mtu. Akamwambia aushushe basi, kama anavyowashushia wanafunzi. Binti akajaribu, akapata noti ile ile oktava kadhaa chini, akaishikilia mpaka pumzi zikamwishia.

Baba yake akaitikia kwa kichwa kama mteja anayeelezwa ugonjwa wa redio yake. Akaniuliza, "Na wewe unausikia?"

"Nausikia, shemeji."

"Wewe," alisema. "Wewe uliyeimba besi kama mkokoteni." Alijaribu kucheka, na sisi tukajaribu kumsaidia.

Kisha akatazama mlango wa karakana. "Ni redio ngapi zimetoka humo zikipiga mluzi?"

 Binti alianza kusema kwamba wateja wameridhika, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Mzee alimkatiza kwa upole. Wateja, alisema, huridhika kwa sababu yeye amewaambia imepona.

Siku mbili zilizofuata tulijaribu kila tulichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Nilimkumbusha kwamba anayo mita, na mita haizeeki. Alinishukuru kwa ushauri. Binti alijitolea kumsikilizia kila jioni atokapo shuleni. Akamwambia ana watoto arobaini wa kuwasikiliza, wanatosha. Tulitaja hospitali kubwa, ambako wapo wanaopima masikio na kutoa vifaa vya kusaidia. Alisema atakwenda, na kwa jinsi alivyolisema nilijua ametuitikia kama mtu anavyomwitikia mgeni anayeaga. Hakuwa na hasira nasi kwa udanganyifu wetu. Laiti angalikuwa nayo, tungalipata cha kuomba msamaha.

Jumamosi asubuhi alipanda kiti cha mteja, nami nikaushikilia ule mguu mfupi, kwa kuwa sikuweza kumzuia na sikutaka aanguke. Akakishusha kibao. Mchana alizibeba zile redio tatu, moja moja, akazirudisha kwa wenyewe: kwa muuguzi, kwa mshona viatu, na kwa mjane mmoja wa barabara ya nyuma. Kwa kila mlango alisema maneno yale yale, kwamba hakuitengeneza na watafute fundi mwingine. Mshona viatu alifikiri ni mzaha, akamuuliza kama amepata urithi. Alisema ndiyo, akaondoka.

Jumapili hakuja kanisani. Nilikwenda kumwona alasiri, nikamkuta sebuleni, televisheni imezimwa, vile visanduku vitatu vikiwa vimerudishwa katika makasha yake. Tulizungumza habari za mvua. 

Yaliyotendeka Jumatatu nimeyapata kwa muuzaji wa duka, aliyeyasimulia kwetu baadaye akiwa na kitambaa machoni. Mzee alifika saa nne asubuhi, akapanga visanduku vitatu juu ya meza. Muuzaji akamuuliza, kwa utani wao wa siku zote, pazia limemchagua nani. Mzee akasema, "Nichagulie wewe, mwanangu. Mimi sisikii."

Muuzaji alidhani hakusikia swali, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Naye akalirudia jibu. Yule mama akachanganyikiwa. Akasoma maandishi ya makasha, akayasoma tena, mwishowe akamsogezea kile cha chuma kwa sababu bei yake ilikuwa ya katikati na hakutaka kumtia mzee hasarani. Mzee alilipa, akamwagiza amsalimie mama yake, akatoka.

Binti yake alirudi kutoka shuleni saa tisa. Aliikuta nyumba kimya na mlango wa karakana umefungwa kwa ndani, kama alivyouacha asubuhi. Baba yake alikuwa chumbani, kitandani, amelalia ubavu, naye alikuwa amekwisha kutuacha. Daktari alisema ni moyo, na kwamba haukumchelewesha.

Tendo lake la mwisho linalojulikana ni kwamba alikiunganisha kigeuzi cha chuma na amplifaya yake, waya mwekundu katika tundu jekundu na mweupe katika jeupe, akaukaza kila mmoja kwa koleo, akaweka kitufe cha sauti mahali binti yake alipopenda, akazima umeme ukutani, akaenda kujilaza.